Kijana wa Kichina Anapoingia Shule ya Marekani: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza kwa Mwalimu, Mlezi na Jirani

Kama unafanya kazi katika shule ya Marekani, uwe mwalimu, msaidizi wa darasa au msimamizi wa ukumbi wa chakula, iko siku utaletewa kijana wa miaka 15 aliyeshuka ndege wiki mbili zilizopita kutoka Fuzhou au Guangzhou. Atainamisha kichwa, atakaa alipoonyeshwa, na huenda usimsikie sauti mpaka Krismasi. Au pengine wewe si mwalimu, ila mwanao anakaa naye meza moja katika darasa la Kiingereza la wageni, pale ambapo watoto wa Kikongo waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hukutana na wa Yemen, Honduras na China.

Wenyeji wengi hukisoma kimya kile kwa namna mbili: ama kijana ni mpole na hodari wa hesabu, basi hahitaji msaada, ama ni mzito wa kuelewa. Namna zote mbili humwacha peke yake. Mtu aliyesoma shule za kwetu yuko karibu zaidi na kijana huyu kuliko anavyodhani, na ndiyo maana nimeona niandike haya kwa Kiswahili.

1. Uliza ametoka mji gani, nyumbani wanasema lugha gani, na nani alimlea

"Mchina" ni jibu pungufu, sawa na kujibu "Mwafrika". Kijana wa Taishan, kusini mwa China, huenda ana ndugu waliofika California tangu enzi za kujenga reli. Milango ilifungwa kwa sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina, ikafunguliwa ufa mwaka 1943 kwa nafasi 105 tu kwa mwaka, na baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 ndipo koo zikaanza kuitana kwa visa vya kifamilia. Huyu atafikia nyumba iliyojaa shangazi na binamu. Kijana wa vijiji vya Fuzhou, mkoa wa Fujian, ana habari nyingine. Watu wengi wa kwao walikuja kwa njia za magendo na kwa madeni makubwa. Meli ya Golden Venture iliyokwama ufukweni Queens, New York, Juni 1993, ilikuwa na abiria 286, na 10 kati yao walikufa majini usiku ule. Na yupo wa tatu, mtoto wa wenye uwezo kutoka Shanghai au Beijing, aliyeletwa shule ya kulipia na kupangishiwa chumba kwa familia asiyoijua, wazazi wakabaki China. Huyo ana pesa, hana mtu.

Lugha nayo iulizwe. Wengi watajua Kimandarini cha shuleni, lakini mama anaweza kuwa na Kikantoni au lugha ya Fuzhou, na msemaji wa Kimandarini hazielewi kabisa lugha hizo. Ukimleta mkalimani wa Kimandarini kwa bibi wa Taishan umeleta mapambo. Hata maandishi yana njia mbili: China bara wanaandika herufi zilizorahisishwa, Hong Kong na Taiwan wanaandika zile za zamani.

Swali la tatu ndilo watu huliruka, nalo ndilo zito. Katika familia nyingi wazazi walitangulia miaka sita, minane, kumi, mtoto akabaki kijijini na bibi. Wengine walizaliwa New York, wakarudishwa China wakiwa wachanga ili mama aendelee na kazi, kisha wakaletwa tena. Kwa hiyo kijana unayemwona hakuhama nchi tu. Amehamia kwa watu ambao kwa miaka walikuwa sauti ndani ya simu, na amemwacha aliyemlea. Usimwambie "lazima unafurahi kuwa na mama yako sasa". Muulize bibi hajambo. Na msaidie kupanga saa ya kumpigia: New York iko nyuma ya China kwa saa 12 majira ya joto na 13 majira ya baridi, kwa hiyo asubuhi kabla ya shule kule ni jioni, bibi bado hajalala.

2. Uandikishaji: mambo manne ya kuwaambia wazazi mapema

Kwanza, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982, katika kesi ya Plyler. Watahitaji uthibitisho wa makazi, umri na chanjo, si visa. Kadi ya chanjo ya China iletwe hata kama imeandikwa Kichina. Ratiba za nchi hizi mbili hazilingani, hivyo asishangae akipelekwa kuongezewa sindano.

Pili, fomu ya lugha ya nyumbani ijazwe kwa ukweli. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto atatengwa. Matokeo yake hapimwi, na msaada wa lugha anaukosa. Msaada huo si hisani. Mwaka 1974 familia za Kichina za San Francisco zilishinda kesi Mahakama Kuu, maarufu kwa jina la Lau, kwa hoja kwamba kumkalisha mtoto darasani asikoelewa lugha si kumpa elimu sawa, hata kama ana kiti na kitabu kile kile. Wanafunzi wapatao 1,800 wa Kichina katika mji ule walikuwa hawapewi msaada wowote. Mtoto wa Kikongo anayepata mwalimu wa Kiingereza Ohio leo anakula matunda ya kesi hiyo.

Tatu, matokeo ya shule ya China yatafsiriwe yote, somo kwa somo. Shule za sekondari hapa zinahesabu alama za masomo yaliyokamilika ili kumaliza, na kijana wa miaka 17 asipotambuliwa alichokisoma huanzishwa kidato cha chini bila sababu. Jimbo la New York linamruhusu kusoma mpaka mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21. Akiambiwa na karani kwamba amepitwa na umri, mzazi aombe jibu hilo kwa maandishi.

Nne, mzazi ana haki ya mkalimani bila malipo. Mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Na mzazi akikosa imani na tafsiri ya mwanawe, sitamlaumu.

3. Jina

Wachina hutanguliza jina la ukoo. Fomu za Marekani hugeuza, tena mara nyingi hukata jina lenye silabi mbili katikati: Xiaoming anakuwa "Xiao", na "Ming" linageuka jina la kati. Sahihisha siku hiyo hiyo, kabla halijaingia kwenye cheti. Mama wa Kichina kwa kawaida habadili ukoo akiolewa, kwa hiyo jina lake kutofanana na la mtoto si dalili ya kesi yoyote.

Kutamka si kazi ngumu kwa mdomo wa Mswahili. X isome karibu na "sh", Q karibu na "ch", Zh karibu na "j". Kijana atakuja na jina la Kiingereza alilojichagulia, au alilopewa na mwalimu mjini kwao. Mwite analotaka, ila muulize na lile la nyumbani, ulitamke mbele yake, akusahihishe. Mara nyingi hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kuwa mjuzi katika chumba kile.

4. Mtembeze shule, na umalizie ukumbi wa chakula

Hapa aliyesoma Tabora au Mombasa ana faida. Unakumbuka mkondo? 2A ni 2A, mnakaa chumba kimoja mwaka mzima, walimu ndio wanaoingia na kutoka, mnasimama mwalimu akiingia, mna kiranja na mwalimu wa darasa anayejua hata baba yako anafanya kazi gani. China ni hivyo hivyo. Darasa huitwa ban, mwalimu wake banzhuren, na watoto 40 au 50 hukaa pamoja miaka mitatu. Ukifika hujui mtu, ban inakumeza tu. Urafiki unakuja wenyewe.

Shule ya sekondari ya Marekani haina ban. Kengele inalia, kila mtu na ratiba yake, dakika chache za kukimbia korido, chumba kipya na sura mpya mara saba kwa siku. Waswahili tunampa mgeni jembe siku ya tatu. Hawa wanampa asubuhi anayofika, na shamba hawamwonyeshi. Kijana anapokuambia "hapa hakuna darasa" hachanganyikiwi, anasema kweli.

Basi tembea naye ratiba nzima siku moja kabla, chumba hadi chumba. Mfundishe kufungua kabati la namba za siri, maana hilo limewaliza wengi kwa fedheha. Kisha mpeleke ukumbi wa chakula. Saa ngumu kuliko zote si ya Kiingereza wala historia, ni ile ya chakula, kwa kuwa haina mwalimu wala kiti cha kupangiwa. Wengi huishia kula chooni, maktaba, au kutokula. Usimwachie bahati: tafuta wanafunzi wawili wenye tabia njema, waombe wamkalishe wiki mbili za mwanzo. Si lazima wawe Wachina. Kwa kweli Wachina waliozaliwa Marekani mara nyingine ndio wanaomcheka lafudhi na viatu vyake, wakiogopa wasifananishwe naye.

5. Kimya chake, na Kiingereza

Mwanafunzi wa lugha mpya hupitia kipindi cha kusikiliza tu. Kwa mtoto wa chekechea hakuna anayejali, kwa kijana kinaonekana kama kiburi. Ongeza malezi: China mwanafunzi mzuri hasemi mpaka ateuliwe, na akisema awe na jibu sahihi, kwa sababu kukosea mbele ya watu ni kujivunjia heshima. Mwalimu wa Marekani anatoa alama kwa kuchangia, hata mchango wa ovyo. Kijana huona wenzake wakisema lolote linalowajia wakasifiwa, naye ameshika jibu sahihi kifuani, akapata sufuri ya ushiriki.

Fanya hivi. Mpe swali la kesho leo. Aliandae usiku, aliandike, asubuhi aliseme. Sentensi moja yatosha. Baada ya mwezi mpe maswali mawili, umwambie atachagua moja. Mweke kwenye kundi la watu wawili, si watano. Usimshike kidevu wala kumwambia "nitazame ninaposema". Kuinamisha macho mbele ya mkubwa kwao ni heshima, na kwetu pia. Akikuita "Mwalimu!" kwa Kiingereza bila jina, usichukie. Anatafsiri laoshi, neno la heshima linalotumika sawasawa na mwalimu letu, na hajui kwamba kwenye masikio ya Mmarekani linasikika kama ukali.

Makosa yake ya Kiingereza nayo yana asili. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati, jana na kesho hutajwa kwa maneno mengine, ndiyo maana atasema "jana nakwenda" kwa miezi mingi. Na atachanganya "yeye" wa kike na wa kiume, kwani kwa matamshi ya Kimandarini wote ni tā. Wewe mwenye "yeye" mmoja unajua aibu ya kumwita mke wa bosi kwa kiwakilishi cha mwanamume. Mwambie hivyo, atacheka.

Wazazi waambie ukweli kuhusu muda. Mtaalamu wa lugha Jim Cummins alionyesha zamani kwamba Kiingereza cha mazungumzo huja ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini cha vitabu na insha huchukua kati ya mitano na saba. Hapa ndipo wengi huangukia: mwaka wa pili kijana anapiga soga vizuri, shule inamwondolea msaada, alama za historia na biolojia zinaporomoka, na nyumbani anaambiwa amekuwa mvivu.

Kichina kisipigwe marufuku. Kijana anayejua usanisinuru kwa Kichina anahitaji jina jipya tu. Asiyeujua anahitaji somo zima. Asome mada kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza. New York, mitihani ya jimbo iitwayo Regents hutolewa pia kwa Kichina, isipokuwa ule wa Kiingereza chenyewe, na kamusi ya neno kwa neno huruhusiwa. Vijana wengi hawaambiwi, wala walimu wengine hawajui. Baadaye Kichina kitamlipa: upo mtihani wa Kichina wa ngazi ya chuo, ulioanza 2007, na majimbo mengi huweka muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kumaliza shule; California ndiyo iliyotangulia mwaka 2011.

Hesabu ziangaliwe kwa jicho lingine. Huwa yuko mbele, kisha anapangwa darasa la chini kwa sababu ya Kiingereza, anachoka, anainama juu ya simu. Mpime kwa namba tupu kwanza. Lakini maswali ya maneno (Juma ana maembe, kampa Asha) yatamwangusha, na hapo tatizo si hesabu.

Jambo la mwisho katika masomo, lenye kuleta balaa kweli, ni kunakili. Kijana amefundishwa kukariri insha bora na kuzitumia mtihanini, na amesifiwa kwa hilo. Hapa akiingiza aya ya mtu bila kumtaja ataitwa mwizi na kufikishwa kwa mkuu wa shule. Mwonyeshe kwa karatasi mbili, ya kwake na ile ya asili, kabla hajaadhibiwa. Sisi tuliokariri "majibu ya mwalimu" miaka minne tunajua mstari huu haujichori wenyewe.

6. Nyumbani kuna nini

Chini ya daraja la Manhattan, New York, mtaa wa East Broadway, zipo ofisi za kutafutia kazi za mikahawa. Mtu anapewa kazi jimbo jingine, anapanda basi la Chinatown (mtaa wa Wachina), analala chumba cha wafanyakazi, na anarudi nyumbani siku moja kwa wiki au kwa mwezi. Ukimwita baba wa namna hiyo kikao cha saa tisa alasiri Jumatano na asije, usiandike "mzazi hajali". Mpigie saa nne asubuhi kabla mkahawa haujafungua. Mwandikie kwa WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, ikiwa shule inaruhusu. Barua pepe wengi hawafungui.

Kijana ndiye anayefungua barua za benki, anayepiga simu kampuni ya umeme, anayekwenda hospitali na mama kutafsiri maneno ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia. Nguvu za nyumba zimegeuka: mzazi anamtegemea mtoto nje, huku akitaka amri yake itiiwe ndani. Magomvi mengi unayosikia, kuhusu simu, nywele, saa za kulala, chanzo chake kiko hapo. Unachoweza kufanya ni kumpunguzia mzigo: namba ya mkalimani wa hospitali, dawati la msaada la maktaba (ile ya Flushing, Queens, ina Kichina tele), mtu mzima wa kusoma barua mara moja kwa wiki.

Wazazi hawatasema "nakupenda". Watauliza umekula, wataleta sahani ya matunda yaliyomenywa wakati wa kusoma, na watauliza kwa nini ni 95 badala ya 100. Kijana akianza kuwalinganisha na wazazi wa rafiki zake wa Kimarekani, anaumia. Mkumbushe ile sahani, bila hotuba. Kwa upande wa pili, waeleze wazazi kwamba klabu ya badminton au mpira wa kikapu si kupoteza muda: vyuo vya hapa huangalia hayo, na michezo isiyohitaji maneno mengi ndiyo njia fupi ya kupata marafiki. Hoja ya chuo itasikilizwa kuliko hoja ya furaha. Itumie.

Kuhusu fimbo, sema mapema na kwa utulivu. Mfanyakazi wa shule akishuku kuwa mtoto anaumizwa, sheria inamlazimu kutoa taarifa, hana hiari. Wazazi walijue hilo kabla halijatokea, na kijana asifundishwe kulifanya silaha ya kuwatishia.

7. Akitukanwa au kupigwa

Atatukanwa. Macho, chakula, virusi vya korona. Mara nyingi hatasema, kwa sababu nyumbani ataambiwa avumilie asilete matatizo. Mfundishe kuandika: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Kwa Kichina inatosha. Nakala moja shuleni, moja abaki nayo.

Desemba 2009, baada ya wanafunzi wenye asili ya Asia kushambuliwa siku nzima katika South Philadelphia High School, wapatao 50, wengi wahamiaji kutoka China na Vietnam, waligoma kwenda shule kwa siku nane. Walikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, lakini walikuwa na kumbukumbu na mashahidi. Wizara ya Sheria iliingilia, na mwaka uliofuata shule za mji ule zikatia saini makubaliano ya kurekebisha mambo. Wanafunzi wengi wa upande wa pili walikuwa weusi, na hapo mzazi Mwafrika anayesoma haya asikwepe: kaa na mwanao umuulize wanamwitaje yule Mchina, na yule Mchina amefundishwa nini kuhusu yeye.

8. Dalili za hatari

Hatakuambia ana huzuni. Ataumwa kichwa, tumbo, atalala darasani, ataacha kula, atacheza gemu mpaka alfajiri kwa kuwa marafiki zake wa China wako macho saa hizo. Miezi miwili ya kwanza mambo ni mapya. Mara nyingi shida huja ya tatu hadi ya sita, baridi imeshika, jua linazama mapema. Mpeleke kwa daktari kwa ajili ya tumbo, ili wazazi wakubali, na daktari aulize mengine. Akitaja kufa, usingoje: 988 ni namba ya dharura ya nchi nzima, na wakalimani wapo.

Sikukuu nazo huuma. Shule za mji wa New York hufungwa Mwaka Mpya wa Kichina tangu 2016, lakini mahali pengi kwingine ataandika mtihani siku hiyo huku simu inaonyesha meza ya bibi. Angalia tarehe kila mwaka, kwani inafuata mwezi, kama Idi.

9. Karatasi moja ya kutosahau

Mtoto mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) anayeishi na mzazi wake Marekani huwa raia moja kwa moja mzazi huyo akipata uraia, mradi yeye hajatimiza miaka 18. Familia nyingi huahirisha maombi ya uraia bila kujua saa inakimbia. Na China, kama Tanzania, haikubali uraia pacha, hivyo neno hili lizungumzwe mezani na kijana akiwepo, si aje kulisikia kwenye foleni ya visa akienda kumzika bibi.

Juni, kabla shule haijafungwa, muulize tena anataka aitweje. Wengine watakuwa wamelitupa lile jina la Kiingereza na kurudia la nyumbani, wengine kinyume chake, na wachache watakupa la tatu usilolitarajia. Liandike kwenye orodha ya Septemba siku hiyo hiyo, na umwachie mwalimu anayempokea maelezo ya namna ya kulitamka.